Dozi ya Posho

Daktari kijana aliye mafunzoni Mbamba Bay huzigawa noti za posho yake kwenye vibahasha vya dawa, kimoja kwa kila matumizi. Huvifunga kwa kuvilamba, jicho moja amefumba. Cha chakula huandika: "Moja asubuhi, moja jioni." Siku moja, kwa haraka, alimpa hicho Bi Kunigunda mwenye kizunguzungu, badala ya vidonge. Baada ya wiki bibi akarudi amenawiri.

"Shikamoo bibi. Dawa ulitumia?"

"Marahaba. Zote! Noti ya asubuhi nanunua dagaa usipa, ya jioni nyama. Kizunguzungu kwisha kabisa."

Daktari, aliyekuwa ameishi wiki nzima kwa mapapai ya jirani, akaishika meza asianguke. Kudai hakuthubutu.

Bibi akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, nawe ungemwona daktari."