Printa ya leza imeuawa na karatasi ya kung'aa, barua ya kujieleza nimepewa mimi

Wakuu, poleni na joto, poleni na foleni.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, barua yenyewe wiki tatu hazijaisha, na sijaongeza chumvi hata punje. Iliyopo inatosha kunipandisha presha.

Mods, naomba msiupeleke uzi huu kule kwa wataalamu wa kompyuta. Wao wanajua tayari. Nataka wasome walimu, makarani, wenye steshenari, na nyie wazazi mnaotuletea rim.

Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye sekondari moja ya binafsi huku Temeke. Sitaitaja, msinichokonoe.

Mwalimu wa taaluma, kwa wasiojua, ndiye mtu wa mitihani. Anapanga ratiba, anakusanya maswali kwa walimu wenzake, anachapa, anatoa kopi, na kikiharibika chochote chenye waya anatafutwa yeye. Hapo bado nina vipindi vya Hisabati kidato cha pili.

Mkataba wangu unaisha Desemba. Na shuleni kwetu, ukiwa na barua ya onyo kwenye faili, mkataba hauongezwi. Huitwi, hujadiliwi, unaambiwa tu asante kwa utumishi wako. Binti zangu wawili wanasoma hapohapo kwa sababu baba yao ni mwalimu pale. Mimi nikitoka, na wao wanatoka.

Shikeni hilo, ndilo linalonifanya niandike kwa hasira.

Sasa tuje kwenye printa.

Miaka yote tulikuwa na printa ya wino wa maji, ile inayokwangua kwangua na kelele juu. Mwaka huu tukapata ya leza, mpya, inatoa kurasa kama haina akili nzuri. Nilifurahi sana, nisiwafiche.

Ila kuna tofauti moja ambayo watu wengi hawaijui. Printa ya wino wa maji inanyunyiza wino kwenye karatasi, basi, kazi imeisha. Ya leza inaweka unga, halafu unga ule unapikwa na roli la moto mpaka unashika. Maana yake karatasi yoyote unayoiweka kwenye leza inapita kwenye moto mkali.

Kesi yangu yote iko kwenye huo moto.

Fomu yetu ya kujiunga inasema mwanafunzi aje na "rim moja ya A4". Haisemi rim gani. Na hapa nikiri kabla hamjanikamata: fomu ile niliichapa mimi, mwaka juzi, na sikufikiria zaidi ya hapo.

Kwa hiyo tunaletewa kila kitu. Kuna rim nyepesi mpaka unasoma swali la ukurasa wa pili kwa mbele. Kuna zilizofunguliwa zikafungwa tena na selotepu. Mzazi mmoja alileta za rangi ya waridi, akasema ndizo alizokuta dukani. Zote zinapokelewa, zinatupwa stoo, chini kwenye sakafu ya saruji, pamoja na mafagio na majembe.

Mvua za masika zikapiga. Karatasi hunywa unyevu, wakuu, tena kwa huku kwetu pwani zinakunywa hata kusiponyesha. Nikaanza kuchapa mtihani wa katikati ya muhula, kurasa zinatoka na makunyanzi, nyingine zinakwama ndani, na zilizotoka ukipitisha kidole maandishi yanafutika. Kwenye swali langu la desimali nukta zilifutika. Watoto wakahesabu wanachojua wenyewe.

Nikalipeleka kwenye kikao cha walimu. Nikaeleza vizuri tu, kwa heshima, kwamba tunahitaji karatasi za gramu 80, zilizofungwa, zikae kabatini, sio sakafuni.

Mkuu wetu wa shule ni mama mtu mzima, wote tunamwita Madam. Mchapakazi, siwezi kumsingizia. Ila ana ugonjwa mmoja: hajawahi kukosea.

Akasema, "Mwalimu, karatasi ni karatasi. Kama zina unyevu, zianikwe."

Nikadhani anatania.

Kesho yake asubuhi nimefika, shikamoo Madam, marahaba, nageuka nyuma ya madarasa nakuta mikeka imetandikwa na rim zimefunguliwa zimeanikwa juani. Mawe juu yake zisipeperuke. Mlinzi kakaa kwenye kiti anafukuza kuku.

Wakuu! Karatasi za leza zimeanikwa kama makopa ya muhogo!

Jioni zikaanuliwa. Zimekauka, ndiyo, lakini zimejikunja pembe zote, na zina mchanga. Ukiweka karatasi iliyojikunja itakwama, na mchanga ukiingia unakwangua ngoma ya ndani, ile inayobeba unga. Nikakataa kuziweka.

Nikachagua rim chache ambazo hazijafunguliwa, nikazifungia kwenye kabati la ofisini, nikabandika tangazo juu ya printa: TUMIA KARATASI ZA KABATINI TU. Funguo moja ya ofisi ninayo mimi, nyingine anayo Madam.

Alipoliona tangazo akacheka mbele ya walimu. "Siku hizi tuna Waziri wa Karatasi." Wenzangu wakacheka. Na mie nikacheka, maana ungefanyaje?

Lakini printa ikatulia. Wiki nne nzima haijakwama hata mara moja.

Halafu Jumamosi moja nikapata msiba, mama yangu mdogo, kule Kimbiji. Niliomba ruhusa kwa Madam mwenyewe kwa simu, akanipa pole, nikaenda kuzika. Nimerudi Jumatatu asubuhi.

Nafungua ofisi, harufu ya plastiki iliyoungua. Printa ina taa nyekundu, haizunguki. Nauliza huyu, sijui. Nauliza yule, labda umeme. Namuuliza Madam, ananiangalia ananiambia, "Si ndiyo mashine yako hiyo?"

Jumanne saa nne naletewa bahasha darasani. Darasani, wakuu, mbele ya wanafunzi, chaki iko mkononi.

BARUA YA KUJIELEZA. Kwamba mimi, nikiwa msimamizi wa mashine, nimeisababishia uharibifu "kwa kutumia karatasi zisizofaa na kwa uzembe". Nijieleze kwa maandishi ndani ya siku tatu kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu.

Karatasi zisizofaa. Mimi!

Nilisoma mara tatu. Swali la ubaoni sikulimalizia. Mtu anakuanikia karatasi juani, unamwambia hapana, anakucheka, halafu anakuandikia kosa lilelile ulilokuwa unamkataza yeye.

Wenzangu kwenye chumba cha walimu wakaniita pembeni. "Braza, wewe omba msamaha tu yaishe. Mama yule humuwezi." Walikuwa wananitakia mema. Lakini ukiomba msamaha umekiri, na ukikiri onyo linaingia kwenye faili. Nikawaambia siombi.

Nikamwomba Madam niipeleke mashine kwa fundi. Akakubali haraka, nadhani hakujua kwamba humo ndani kumebaki ushahidi. Nikaipakia kwenye bajaji mpaka kwa fundi mmoja mzee, Mzee Shomari, mtu wa hapahapa Temeke toka enzi za taipureta.

Akafungua, akavuta roli la moto. Kisha akaanza kukwangua taratibu na kijiti.

"Mwalimu, nani kaweka karatasi ya picha humu?"

"Karatasi gani ya picha, mzee?"

"Hii ya kung'aa. Hii ni ya printa ya wino wa maji. Ina utando kama nailoni kwa juu. Ikifika kwenye moto inayeyuka inajiviringisha kwenye roli. Umeipikia mashine plastiki, mwanangu."

"Sio mie, mzee."

"Basi tumuone mwenyewe."

Akachomoa kipande kama kiganja, kimeungua pembeni, katikati kizima. Akakifuta kwa kitambaa, akanipa. Maandishi yanasomeka bila miwani.

CHETI CHA NIDHAMU NJEMA.

Chini yake, nusu imeyeyuka, jina la Madam na cheo chake.

Nikakaa chini kwenye benchi. Nilicheka wakuu, nikacheka mpaka Mzee Shomari akaniuliza kama niko salama. Kisha kicheko kikaisha na hasira ikarudi kubwa kuliko ya mwanzo. Vyeti vya mahafali! Mimi niko makaburini Kimbiji, yeye kafungua ofisi kwa funguo yake, kapita juu ya tangazo langu, kaweka karatasi ya picha, mashine imekufa mikononi mwake, akafunga mlango akaenda nyumbani. Na Jumanne akapata nguvu ya kuniandikia mimi uzembe.

Siku hiyohiyo nikaandika majibu. Nusu ukurasa, kwa mkono. Sikutukana. Nikaeleza nilikokuwa Jumamosi, nani alinipa ruhusa, fundi alikuta nini, na kile kipande nikakibana na pini kwenye barua.

Nilipompelekea, pakiti ya zile karatasi ilikuwa bado mezani kwake, pembeni ya chupa ya chai. Kwenye kasha imeandikwa kwa herufi kubwa: INKJET, yaani ya wino wa maji. Neno lenyewe liko pale linamwangalia.

Akasoma. Akakigusa kile kipande. Akasema, "Muuza duka Kariakoo aliniambia hii ndiyo karatasi ya vyeti."

"Hakukudanganya, Madam. Hukumwambia ni printa gani."

Akasema niende, ataniita.

Hakuniita. Ijumaa kwenye kikao cha walimu wote, baada ya mambo ya usafi wa vyoo, akasema hivi, nanukuu: "Na lile suala la printa, nimemsamehe Mwalimu. Tusonge mbele."

Watu wakapiga makofi. Makofi!

Nikasimama. Nilikuwa nimejiapiza nisisimame. Nikasema, "Madam, kwa heshima zote, mie sikuomba msamaha. Naomba barua ya kufuta ile barua, iingie kwenye faili langu."

Madam akafunga daftari lake. Akasema ajenda imefungwa.

Kabla sijawaambia ilivyoishia, ngoja niseme la karatasi, maana kuna mtu kesho ataweka isiyofaa kwenye leza yake.

Ukienda dukani usiseme "nipe rim". Sema printa yako ni ya leza. Karatasi ya kawaida chukua gramu 80, laini, iliyofungwa vizuri, na usome kasha kama wameandika laser. Nyepesi sana zinakwama. Nzito mno usijaribu kabla hujajua mashine yako inabeba gramu ngapi.

Kasha la rim lina utando ndani wa kuzuia unyevu, kwa hiyo usilichane mpaka siku ya kutumia, na zikibaki zirudishe kwenye kasha ukunje mdomo. Usiweke kwenye saruji. Ikilowa usianike, wala usipige pasi (kuna mtu atauliza, nawajua). Wape watoto wafanyie rafu.

Karatasi ya kung'aa ya leza ipo, inauzwa, ila imetengenezwa kustahimili moto. Inkjet ni ya wino wa maji. Stika pia ni hivyohivyo, uliza kwanza. Kama kasha halisemi chochote na muuzaji naye anajikuna kichwa, ondoka.

Na nyie wenzangu mnaochapa fomu za kujiunga, andikeni gramu. Ya kwetu nimeshaibadilisha.

Haya, kesi.

Jana mchana katibu muhtasi kaniletea bahasha. Nikaifungua nikiwa nimesimama. Barua fupi, ina muhuri, inasema ile ya mwanzo imefutwa, kwa kuwa "uchunguzi umebaini kwamba mashine iliharibika yenyewe".

Yenyewe!

Imejiwekea plastiki, imejichapia cheti, imejiunguza, imejifungia mlango.

Wenzangu wanasema nichukue nikae kimya, faili limesafishwa, watoto wanabaki shuleni, nataka nini tena? Na kweli nilikaa nayo mezani kama robo saa. Niliwafikiria binti zangu, niliifikiria Desemba.

Kisha nikachukua kalamu nyekundu, ileile ya kusahihishia. Nikapiga mstari chini ya neno "yenyewe". Pembeni nikaandika "Rudia". Nikairudisha kwenye bahasha, nikaenda kuiweka mezani kwa Madam.

Mpaka naandika hapa sijaitwa.

Karibuni wakuu. Wa kuniambia nimevuka mpaka aseme, wa kuniambia nimekaza aseme, na mwenye sheria za kazi kichwani anisaidie kabla ya Jumatatu.