Waya wa Mzee Nzioka

Jioni ile naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda kuikumbuka, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiishi na mama yangu mtaa wa Ziwani, na mchana nikifanya kazi kwa fundi mmoja wa redio kule Majengo, Pumwani. Msichana mwenye chuma cha kulehemu mkononi hakuwa kitu cha kawaida siku zile. Watu waliniita Fundi Wambui, nami nikalipenda jina hilo kupita kiasi.

Katika mstari wetu wa nyumba televisheni zilikuwa nne tu. Majirani wengine waliingia kwa wenye nazo, wakaketi kitandani, sakafuni, hata mlangoni. Basi picha zikaanza kuharibika. Ikifika saa moja, wakati wa taarifa ya habari, chenga zinajaa kwenye kioo na sauti inakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Siku ya kwanza tulicheka. Baada ya wiki mbili hakuna aliyecheka.

Katika nyumba ya mwisho aliishi Mzee Nzioka, Mkamba mmoja mpole, aliyefanya kazi ya kupokea na kutuma taarifa kwa redio mpaka akastaafu. Kustaafu alistaafu, lakini redio hakuiacha. Alijiundia mtambo wake mwenyewe, akaomba leseni, akaipata, akaitundika ukutani kwenye fremu kama wengine wanavyotundika picha ya harusi. Kutoka dirishani kwake waya ulipanda hadi paani, ukavuka ua na kufungwa kwenye nguzo aliyoisimamisha mwenyewe. Kila jioni, saa moja, aliketi pale kuzungumza na watu wa mbali.

Unaona jinsi ilivyokuwa rahisi? Saa moja mzee anawasha, saa moja picha zinakufa. Mwenyekiti wetu wa wakazi akanijia nyumbani.

"Wambui, wewe ndiye fundi. Tuambie. Ni huyu mzee?"

"Ni yeye," nikasema.

Sikutoka nje. Sikuomba kuuona mtambo wake. Sikuzima kitu wala kuwasha kitu. Nilisema ni yeye kwa sababu nilikuwa nimeulizwa mbele ya mama yangu na wanawake wawili wa jirani, na nilitaka wanione najua.

Kesho yake mwenyekiti alirudi na askari wawili. Miaka ile, mwanangu, mtu mwenye redio ya kuzungumzia alitazamwa kwa jicho baya, na tayari kulikuwa na jirani aliyenong'ona kwamba mzee anaongea na maadui wa nchi. Nilipelekwa mbele kama shahidi. Askari akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu, "Ndiyo, afande."

Mzee Nzioka alikuwa amesimama mlangoni na leseni yake mikononi, fremu na yote. Hakuwatazama askari. Alinitazama mimi.

"Wambui, umepima?"

"Haihitaji kupimwa, Mzee. Kila mtu anaona."

Wakamwambia leseni itachunguzwa. Wakabeba mtambo, wakabeba na daftari lake la mazungumzo. Vijana wa mtaa wakapanda paani, wakauvuta waya, nguzo ikaanguka uani na watu wakapiga makofi. Mke wake alikuwa ndani. Tulimsikia akilia, na makofi hayakukoma kwa sababu hiyo.

Na mimi nilipiga makofi. Nalisema hilo ili usije ukanidhania mtu mwema.

Jioni iliyofuata, saa moja kamili, chenga zikarudi. Unafikiri nilinyamaza? Unafikiri niliona haya? Mwenyekiti aliponiuliza, nikasema lazima mzee ana mtambo mwingine ameuficha! Hata leo nikilikumbuka neno hilo damu inanichemka. Nilikuwa tayari kumwona mzee wa watu akitiwa ndani, kuliko kusema maneno mawili mepesi kabisa, "Sijui bado."

Siku ya tatu Mzee Nzioka alibisha kwetu, yapata saa moja na robo. Mkononi alikuwa na redio ndogo ya betri, ile ya kusikilizia mpira. Alimsalimu mama yangu kwa heshima, akaomba ruhusa aingie. Mama akamkaribisha. Mzee akaiwasha ile redio yake, akaigeuza huku na huku. Ikakwaruza. Akapiga hatua moja kuelekea kwenye televisheni yetu, mkwaruzo ukapanda. Akapiga nyingine, ukawa kelele. Alipoisogeza nyuma ya televisheni, redio ilipiga mayowe.

Pale nyuma palikuwa na busta yangu, kidude cha kuyaongezea nguvu mawimbi ya televisheni. Nilikuwa nimeiunda majuma machache nyuma kwa vipande vya redio zilizokufa, ili picha yetu iwe kali kuliko ya wengine. Niliiwasha kila jioni saa moja, kwa ajili ya taarifa ya habari.

"Ichomoe," mzee akasema.

Nikaichomoa. Redio yake ikatulia. Na kabla sijainua uso, nikasikia kelele za furaha kutoka nyumba ya pili, halafu ya nne: "Imerudi! Picha imerudi!"

Kidude nilichokiunda kilikuwa kinarusha kelele mtaa mzima, na mimi mwenyewe ndiye niliyemshitaki mtu.

Nilianza kumwomba msamaha. Akanikatiza.

"Usiniombe msamaha humu ndani, mbele ya mama yako peke yake. Ulinisema nje. Toka nje useme."

Nilitoka, mwanangu. Niliwaambia majirani, wengine wakaguna, wengine wakasema mambo yamekwisha, mzee atasamehe. Mwenyekiti alisema yeye hawezi kurudi kituoni kujiaibisha. Wale waliokuwa mstari wa mbele kumshitaki hakuna hata mmoja aliyepata nafasi ya kwenda kumtetea. Nilikwenda mwenyewe. Leo afisa hayuko, kesho faili haionekani, keshokutwa njoo wiki ijayo. Mtambo ulikaa kule majuma saba.

Siku uliporudi nilimsaidia kuubeba. Nikapanda paani mimi mwenyewe kuufunga waya. Saa moja mzee akaketi, akavaa visikilizio vyake, akaanza kumwita rafiki yake wa Tanga, mtu waliyefanya naye kazi ujanani, ambaye sasa alikuwa kitandani, amepooza miguu. Kila jioni kwa miaka sita walikuwa wakizungumza. Huyo ndiye aliyekuwa adui wa nchi. Mzee aliita, akangoja. Akaita tena. Mimi nilisimama nyuma ya kiti chake, na nilitamani niwe mahali pengine popote duniani.

Barua ilifika baada ya siku kumi, kutoka kwa binti wa yule rafiki. Mzee alinipa niisome kwa sauti. Binti aliandika kwamba baba yake alikuwa akimwita Nzioka kila jioni, na kila jioni akiuliza kama ni mtambo umeharibika au ni yeye amemkosea rafiki yake. Alifariki akiwa hajapata jibu.

Mzee Nzioka aliikunja barua. Hakuniambia amenisamehe, wala mimi sikuwa na uso wa kumwuliza. Alisema tu, "Kesho uje na hiyo busta yako tuifungue. Nataka uone ulikosea wapi." Nikaenda. Nilienda miaka mingi, mpaka alipozeeka kabisa, na mengi ninayoyajua alinifundisha yeye.

Sasa nieleze kwa nini nimekasirika leo.

Hapa Buruburu ninapoishi kuna binti jirani yangu, Mwende, mwalimu, aliyefanya mtihani wa redio na kupata leseni. Amefunga waya juu ya paa lake. Mwezi huu mtandao wa intaneti umekuwa ukikwama, na kwenye kundi la simu la wakazi maneno yakaanza: waya ule unaleta kansa, waya ule unaiba mtandao. Kijana mmoja anayefungia watu intaneti, mtoto ninayempenda na niliyemshika angali mchanga, akaandika kwamba tatizo ni ule waya, amemaliza. Nilipokutana naye langoni nikamwuliza amejuaje. Yeye huniita shosho, yaani bibi.

"Shosho, hiyo waya ndio inamaliza net. Hiyo ni kitu inajulikana."

"Inajulikana na nani? Ulimwomba Mwende azime dakika tano uone?"

"Ah, shosho, hiyo ni kazi mob."

Kazi nyingi! Dakika tano! Jumamosi, Mwende akiwa kanisani, wakazi waliukata. Waya uko chini, mtandao unakwama vilevile, na kundi zima limenyamaza kama maji ya mtungi. Hakuna aliyeandika hata neno "pole". Wanabandika picha za maua na kutakiana wiki njema.

Mwanangu, ukijua kushika bisibisi, watu watakuamini. Wakikuuliza, neno lako litakuwa na uzito hata kama hukufikiri kabla ya kulitamka. Kwa hiyo usilitoe bure. Anza na vitu vyako mwenyewe: chomoa chaja yako, zima taa zako, fungua kile ulichokiunda jana ukajisifia. Halafu nenda kwa jirani, ubishe hodi, mzime na kuwasha vyombo pamoja. Ukiwa hujui, sema hujui. Hakuna aliyekufa kwa kulisema. Na ukikosea, lirekebishe mbele ya watu walewale uliowaambia, tena siku ileile, maana usidhani muda utakungoja. Mimi nilichelewa majuma saba, na kule Tanga kulikuwa na mtu anayengoja.

Kesho asubuhi nitakuwa kwa Mwende na waya mpya. Mimi paani sipandi tena, magoti yamekataa. Nimemwambia yule kijana aje na ngazi, na aje amekwisha kuandika kwenye kundi kwamba alisema asichokijua. Hajanijibu bado. Nitamngoja langoni.

Nanyi wengine mnaonisikiliza, Mungu aibariki mikono yenu na kila mnachokifungua na kukiunda. Awape macho ya kuliona kosa likiwa bado dogo, na ujasiri wa kusema "ni langu". Awape majirani wanaobisha hodi kabla ya kupanda paani. Na mnayemwita jioni, popote alipo, Mungu amjalie awajibu.