Mstari Mrefu wa Chepkemboi

Mwaka wa tisini na nne, Chepkemboi aliijua fomula ya kwadratiki kwa kuiimba. Aliiimba alfajiri akichuma chai na mamake huko Bomet, bila kukosea neno. Lakini darasani majibu yalikataa, na Mwalimu Thuo akamwambia kuimba si kuelewa. Ilimuuma.

Jioni moja walipeleka chai kwenye kituo cha kununulia majani. Karani alichambua majani ya juu tu, lakini ilipofika kupima, alitundika kikapu kizima kwenye mzani. Chepkemboi akaduwaa. Siku zote, katika ile fomula, yeye alikuwa akigawanya kipeuo cha pili peke yake kwa mbili a, na ile b hasi akiiacha nje; kumbe vyote vilipaswa kugawanywa pamoja, kama kikapu kizima.

Kesho yake darasani alishika chaki kabla hajaitwa, akaandika fomula kwa swali lililokuwa ubaoni. Akavuta mstari mrefu chini ya yote, kuanzia b hasi hadi mwisho wa kipeuo, ndipo akagawanya. Akapata tatu na mbili. Akarudisha kila moja kwenye swali, na kila moja ikaleta sufuri.

"Nani amekuonyesha hivyo?" Mwalimu Thuo akauliza.

"Mzani wa chai, Mwalimu."

Chepkemboi akarudi kwenye dawati lake polepole, ili wote wamtazame vizuri.