Hospitali Niliyoiandika Kwanza

Mjomba wangu amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na mimi bado nina hasira naye.

Nilikuwa dresa pale Bagamoyo, nikifunga vidonda na kupima homa, nilipochaguliwa kusomea uganga msaidizi. Ikaletwa fomu: andika hospitali tatu za kusomea, ukianza na uipendayo zaidi. Hospitali nazo zingetupanga sisi kwa matakwa yao, na jinsi zitakavyoamua hatukuambiwa. Mimi nilitaka Dar es Salaam tu. Mama alikuwa Dunda, mtaa wetu hapo Bagamoyo, amepooza upande mmoja, na kutoka Dar ningedandia lori kila Jumamosi, nipite Mapinga na Zinga, nimfikie kabla ya magharibi.

Fomu ilikaa chini ya godoro siku nane. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwa ukali. Mjomba, aliyenilea baada ya baba kufa, ndiye aliyenimaliza. Kwetu mtu hakitaji kwanza anachokitamani. Hata wapeleka posa huanza na habari za mvua. Akasema karani wa hospitali yetu, atakayezipeleka fomu, ana kijicho, na akijua moyo wangu uko wapi atanifungia njia.

"Unachokitaka kifiche mwisho," akaniambia. "Jicho la mtu lina sumu."

Nami, mtu mzima mwenye cheti, nikatii kama mbuzi. Nikaandika Dodoma, Tanga, kisha Dar. Wazungu waliosimamia hospitali hizo hawakuwa na habari na adabu zetu, wao walisoma kilichoandikwa. Barua ikaja kunipongeza kwa kupata chaguo langu la kwanza.

Nilimtupia mjomba ile barua. Akasema ndiyo riziki yangu, ilikwisha andikwa. Nikamwambia aliyeandika ni mimi, kwa ujinga wake. Akaniita mtovu wa adabu, na siku hiyo nilikuwa mtovu kweli.

Karani naye alikwisha tangaza mtaa mzima kwamba nimeomba mwenyewe kwenda bara. Nilipoingia kumuaga mama, habari zilikuwa zimenitangulia. Nikaanza kumweleza, nikaacha, kwa sababu mjomba alikuwa amekaa pale pale kitandani, na ni kaka yake.

Mama akanishika kwa ule mkono uliobaki na nguvu.

"Haya, baba," akasema. "Kama nimekuchosha, ungeniambia tu."