Wimbo Uliobadilishwa Jina la Nchi

Mpaka leo, fanfari ya shule ikianza mazoezi barabarani na tarumbeta zake, siisogelei. Watoto wangu hukimbilia getini kuangalia. Mimi hubaki jikoni nikiosha sahani ambayo nimekwisha kuiosha. Wananicheka. Nitawaeleza siku moja, lakini acha nianze na ninyi.

Nilikuwa na miaka minane askari wa kwanza walipoingia Lubumbashi. Walitoka nchi jirani ya mashariki, pamoja na vijana wa kwetu waliojiunga nao njiani, na walivaa mabuti ya mpira kama watu wanaokwenda kumwagilia bustani. Askari wa zamani walikuwa wamekimbia, na kabla ya kukimbia walitupora hadi sufuria. Kwa hiyo tulishangilia kwa moyo wote. Pale kwetu, mtaa wa Hewa Bora, mama aliwagawia karanga za kuchemsha, na mmoja wao akamshukuru kwa Kiswahili kilichonyooka hivi kwamba sisi watoto tulikiiga kwa siku nyingi.

Shuleni Metre, ndivyo tulivyomwita mwalimu wetu, alitufundisha wimbo wa ushindi ulioishukuru nchi ile kwa jina. Niliuimba nimeshikana mkono na Solange, tuliyekaa naye parseli moja, yaani kiwanja kimoja, mlango wao ukitazamana na wetu. Baba yake aliendesha lori la samaki kati ya Kilwa, ile ya kwetu kando ya ziwa Mweru, na mjini. Mama yake alikuwa fundi wa kushona. Alizaliwa nchi hiyo hiyo ya mashariki, akaolewa huku kabla sisi hatujazaliwa, na nusu ya mtaa walikwenda misani wamevaa nguo za mkono wake.

Mwaka uliofuata serikali yetu iligombana na wale waliotukomboa. Vita vikarudi, na sasa yakaja majeshi ya nchi nyingine jirani kutusaidia kupigana na wale wa kwanza. Metre hakuhangaika kutunga wimbo mpya. Alifuta jina la nchi ubaoni kwa kiganja cha mkono, akaandika jingine, akatuambia tuendelee. Niliinua mkono nikauliza kama wale wa mwaka jana walikuwa wameshindwa. Alijipangusa chaki kiganjani, akasema, "Imba."

Solange hakuwepo darasani siku hiyo. Vijana walikuwa wameanza kupita parseli kwa parseli wakiangalia pua na urefu wa watu, wakiuliza nani alizaliwa wapi, na waliochukuliwa hawakurudi. Cherehani ya Mama Solange ilinyamaza. Mume wake alikuwa amekwama Kilwa, barabara imefungwa. Mama yangu akamwingiza kwetu pamoja na Solange, katika chumba cha makaa na unga, akaniambia nisimwambie mtu yeyote. Basi niliuogopa mdomo wangu mwenyewe. Niliacha kucheza nje. Nikisalimiwa niliitikia kwa kichwa, mpaka jirani mmoja akauliza kama nina matubwitubwi.

Ikatangazwa sherehe ya ushindi, pamoja na fanfari, kuwashukuru wageni wapya. Kila nyumba ilitakiwa kutoka. Papa, yaani baba yangu, aliyefanya kazi reli na hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa amezungumza na padri. Kwaya ya parokia ingeimba sherehe ikianza, halafu ingepanda gari kwenda kuimba karibu na mpaka wa Zambia. Kwenye msongamano ule, alisema, mtu angeweza kupita.

Solange alivaa yunifomu yangu ya pili. Mama yake alivaa kitenge cha kwaya, kitambaa amekishusha hadi kwenye nyusi, na alimbeba mdogo wangu mgongoni ili apate sababu ya kuinama. Papa alinishika bega.

"Usimuachiye Solange mukono," aliniambia. "Hata bakikuita."

Kwenye kona vijana walikuwa wamefunga kamba barabarani. Mmoja alimtazama Mama Solange, akauliza yule mama ni wa wapi.

"Ni mudogo yangu," mama alijibu. "Mutoto iko na homa, njo maana anainama."

Kijana hakuridhika. Akatugeukia sisi watoto, akatuambia tuimbe. Hapo nilihisi jasho la kiganja cha Solange, na nikakumbuka kwamba yeye aliujua wimbo wa mwaka jana tu. Tulianza pamoja. Jina la nchi lilipokaribia nilimfinya kwa nguvu zangu zote, nikapaza sauti mpaka koo likaniuma, na lile jina jipya likatoka peke yake. Solange alikuwa ameuma midomo. Watu nyuma yetu waliudaka wimbo, kamba ikashushwa, tukapita.

Walipanda gari la kwaya, wakafika Zambia salama. Baba yake Solange alivuka ziwa Mweru kwa mtumbwi kutoka Kilwa, akawapata upande wa pili. Hawakurudi kuishi kwetu tena.

Jioni ya siku ya sherehe nilimuuliza Papa kama tumeshinda. Alivua viatu kwanza.

"Balikuja kutusaidia, iko kweli," alisema. "Muntu akikusaidia, unamwambia aksanti. Lakini aksanti na sikukuu haviko kitu kimoja."

Kwa miaka mingi nilidhani siku ile Papa aliwaogopa askari wageni. Baadaye sana, nikiwa mama mwenyewe, ndipo niliposimamisha mawazo yangu pale kwenye kamba na kuzitazama sura vizuri. Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Wageni walikuwa mbali, wakipigana au wakipumzika, na pengine hawakujua hata jina la mtaa wetu. Walioshika kamba walikuwa vijana wa Hewa Bora. Yule aliyetuamuru tuimbe alikuwa amevaa shati la kola ya bluu, na kola ile niliiona ikishonwa, nimekaa kizingitini kwa Mama Solange.