Jokofu la Mama Annonciata na dawa iliyoganda

Édouard Kambere anapiga magoti mbele ya jokofu jeupe katika nyumba ya mbao mtaani Mabanga, mjini Goma. Hajafungua begi lake la vifaa. Hajauliza jokofu limeharibika lini. Anamgeukia mwenye nyumba, mteja mpya, na kuuliza: "Mama, kuko dawa ndani? Dawa ya sukari?"

"Hapana, papa. Kuko maziwa na mboga ya sombe tu."

Ndipo anashusha pumzi na kuchukua bisibisi.

Baadhi ya wateja hucheka wakisikia swali hilo. Wengine hukasirika, wakidhani anachungulia magonjwa ya familia zao. Fundi huyu mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja hajali. "Bacheke," anasema. "Ile kitu niliona, sitaki kuiona tena."

Kambere alizaliwa Butembo, lakini maisha yake ya ufundi aliyajenga Kiwanja, katika eneo la Rutshuru, alikokuwa na karakana kando ya barabara. Vita vilipofika huko mwaka 2022, alikimbia na mkewe Kahindo na watoto wao wanne, akaacha karakana imejaa majokofu ya watu.

Zaidi ya miaka miwili walilala chini ya turubai kwenye kambi ya Kanyaruchinya, juu ya mawe makali ya volkano. Mapema mwaka 2025, mapigano yalipoingia Goma na kambi zikavunjwa, walihamia chumba kimoja Mabanga. Benki zilikuwa zimefungwa na fedha zimeadimika. Hata leo wako wateja wanaomlipa maharage, na ziko siku anazorudi mikono mitupu. Kahindo huuza makaa mlangoni ili sufuria isikose kuwekwa jikoni.

Mwezi wa sita mwaka huo, jirani yao Annonciata, fundi wa kushona nguo, alimwita. Jokofu lake lilikuwa linanguruma kutwa nzima bila kupumzika.

"Baridi haina shida," Annonciata alimwambia. "Baridi ni mingi hata. Nyanya zinakuwa kama mawe. Ni hii kelele tu, na courant ya umeme inakwisha mbio."

Kambere alishuku mara moja. Ndani ya jokofu kama lile kuna kifaa kidogo kama punje ya haragwe, kilichofungwa kwenye waya. Kazi yake ni kupima baridi, ili injini ijue wakati wa kupumzika. Mafundi wa Goma hukiita sonde.

Aliichomoa, akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji yenye barafu, akaipima kwa mita. Kisha akatumbukiza nyingine nzima, aliyoitoa kwenye jokofu lililokufa. Ile nzima ilipima baridi ya barafu. Ile ya Annonciata, ikiwa ndani ya barafu hiyohiyo, ilipima joto la chumba wakati wa mchana. Ganda lake lilikuwa limepasuka na unyevu ulikuwa umeingia.

"Sonde ilikuwa inadanganya frigo," anaeleza. "Inaiambia: bado kuko joto, endelea. Frigo inatii. Inagandisha, inagandisha, na sonde bado inasema joto."

Lilikuwa kosa dogo la kurekebishwa mchana mmoja. Akaanza kutoa vitu ili aifunge sonde nyingine. Nyuma kabisa, karibu na tundu linalopuliza baridi, mkono wake uligusa kopo la plastiki. Ndani yake mlikuwa na chupa ndogo za insulini. Zote zilikuwa barafu.

"Mama, hii dawa ni ya nani?"

Haikuwa ya Annonciata. Kambi zilipovunjwa, wakimbizi wawili wenye ugonjwa wa kisukari walipata hifadhi Mabanga, kwenye vyumba visivyo na umeme. Annonciata aliwaambia walete dawa zao kwake. Mmoja alikuwa Daniella, msichana wa miaka kumi na sita anayeishi na shangazi yake. Mwingine alikuwa Papa Léopold, mkulima kutoka Rutshuru, mume wa Mama Mukamazimpaka.

Papa Léopold alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia.

Kambere alikuwa amewahi kutengeneza jokofu la kituo cha afya kule Kiwanja. Wauguzi walimwambia kwamba insulini ikishaganda imeharibika, hata kama itayeyuka na kuonekana safi kama kawaida.

Annonciata hakujua hilo. "Papa hakukosa sindano yake hata siku moja," alisema. "Asubuhi anakuja, namupa chupa, anaifungia mukononi mpaka inayeyuka..."

Kisha akasema tena, polepole: "Inayeyuka."

Fundi anakiri kwamba alifikiria kufunga sonde, kukusanya vifaa na kuondoka. "Nilijiambia, nikisema, huyu mama atabeba hii kitu mpaka kaburini. Lakini nisiposema, na ule mutoto mwingine?"

Akasema. Alimwambia kwamba dawa ile haifai tena, na kwamba ni lazima wamtafute Daniella saa ileile.

Annonciata aliketi chini, kwenye sakafu, katikati ya nyanya zake zilizoganda. Hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Ni mimi nilimuua?"

"Nilimujibu, mama, ni sonde," anasema Kambere. "Hakunisikia. Niko naona mpaka leo bado hajanisikia."

Walimkuta Daniella amelala kwenye mkeka, anatapika, ana kiu isiyoisha. Shangazi yake alidhani ni malaria. Kambere alimbeba mpaka kwenye pikipiki ya kukodi, akaketi nyuma yake na kumshika asianguke mpaka hospitali. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, dawa haziingii mjini, na maduka ya dawa waliyoulizia yalikuwa yameishiwa. Hospitali ilikuwa na insulini ya kumwanzishia tu. Ya kuendelea nayo, shangazi alivuka mpaka wa nchi hadi Gisenyi kuitafuta.

Daniella alipona. Lakini dawa bado ni ya kubahatisha. Kuna wiki inapatikana, na kuna wiki shangazi anarudi na mfuko mtupu.

Hakuna daktari aliyethibitisha kilichomuua Papa Léopold. Hakuna aliyempima. Annonciata hakungojea uthibitisho. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa mjane.

"Alipiga magoti mulangoni," anakumbuka Mukamazimpaka. "Nilimufukuza. Nilimuambia maneno mutu hapaswi kumuambia mwenzake. Sasa hasira imekwisha. Najua alitaka kutusaidia. Lakini kwake siendi. Nikiona ile mulango, naona papa anatoka na chupa yake mukononi."

Jokofu lilitengenezwa siku ileile Daniella alipofikishwa hospitali. Kambere alirudi jioni, akafunga sonde nzima, akalipima na kuliacha linafanya kazi vizuri. Alipopita baada ya siku chache alikuta waya umechomolewa. Ndani, Annonciata amepanga vitambaa vya wateja wake.

"Inatumika muzuri, najua," anasema mama huyo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Siwezi kuvumilia sauti yake."

Hataki kusema zaidi.

Kambere bado humsalimia kila asubuhi. Annonciata huitikia, kisha huingia ndani. Fundi haoni kama ni dharau. "Ni mimi nilimuletea ile habari," anasema. "Akiniona, anaiona."

Siku za Jumapili, baada ya misa, huzunguka Mabanga kwenye nyumba zinazowahifadhia wengine insulini. Hupima majokofu yao bure, kwa kikombe cha barafu na mita yake. Ana vipimajoto viwili tu, na analazimika kuvihamisha kutoka nyumba moja hadi nyingine. Nia yake ni kununua vingine Gisenyi, ili kila nyumba ibaki na chake.

Cha kwanza ameshakipangia mahali. Shangazi wa Daniella amehamia chumba chenye umeme na amepata jokofu dogo kuukuu, na Kambere analitengeneza taratibu kila anapopata kipuri.

"Nitamufundisha Daniella kusoma namba za kipimajoto," anasema. "Kila asubuhi, kabla ya kukamata chupa, asome yeye mwenyewe. Asiamini mutu mwingine. Hata mimi asiniamini. Asome kwanza."