Tundu Lile Usilizibe

Kuna siku moja ya ukungu, mwanangu, bado inanijia nikifumba macho, ingawa meno yangu sasa yanahesabika. Ilikuwa Igowole, mwezi wa saba, baridi ya kung'ata masikio. Mimi bi harusi wa juzijuzi, kiuno kama nyigu, kichwa kitupu kama debe. Wifi yangu Sara alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, mtoto ana siku nne. Mama mkwe akatoka kuchuma mboga, akaniachia neno moja: "Mzazi asipigwe na baridi."

Nikajituma! Nilitaka nisifiwe. Nikajaza mkaa kwenye jiko, nikaupuliza ukawa mwekundu bila hata uzi wa moshi, nikaliingiza jiko chumbani. Nikafunga dirisha. Juu, karibu na paa, kulikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi, upepo unapiga mluzi humo. Si wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta? Nikapanda kigoda, nikasokomeza kitenge kikuukuu. Mluzi ukanyamaza. Chumba kikajaa joto tamu.

"Wifi," Sara akasema kwa usingizi, "kaka yangu kaoa kweli."

Mwanangu, kifo kile hakikubisha hodi. Kilinibembeleza. Magoti yakalainika, kichwa kikawa kizito, halafu ukungu wa nje ukawa kama umeingia ndani yangu. Nikamwona bibi yangu aliyekufa zamani anapita kwenye shamba la ulezi, kila suke linang'aa, ananipungia mkono. Sikuogopa. Nilitaka tu kumfuata. Sara alikuwa kalala mdomo wazi. Nikasema moyoni, mwache, amechoka.

Mlango ukapigwa teke.

"Mnachoma watu humu?" Mama mkwe huyo. Akamnyakua mtoto, akanivuta mimi kwa nywele, sitanii, akarudi kumburuza binti yake mpaka uani kwenye majani yenye umande. Mtoto kalegea kama mchicha uliochemka. Akamgeuzia uso kwenye upepo, anamsugua mgongo: "Lia! Lia wewe! Nitukane hata mimi bibi yako!"

Ukungu ukapita, ukapita. Kisha ikasikika sauti nyembamba kama ya paka: mtoto analia, na Sara naye akafumbua macho. Mimi natapika, nalia, nacheka, vyote pamoja.

Jioni akanikalisha. Hakunipiga.

"Tundu lile baba mkwe wako alilitoboa kwa mkono wake. Ulidhani kazi ya panya?"

"Niliogopa baridi, mama."

"Baridi tunaivalia blanketi. Moto nao unapumua, binti. Ukiuziba pua, utachukua pumzi yako."

Sasa utaniuliza, bibi, hayo ya mkaa yananihusu nini? Mwezi uliopita nilikwenda Ilomba, kule Mbeya, kumkanda mjukuu wangu Neema aliyejifungua. Nyumba nzuri, najivunia: vigae mpaka bafuni, na ukutani hita ya gesi. Unafungua bomba, maji ya moto yanakuja yenyewe. Miye niliyebeba kuni kichwani! Nikaingia kuoga kabla ya mzazi. Mvuke, raha. Magoti yakalainika. Na kwa mbali, mwanangu, nikaliona lile shamba la ulezi.

Sikungoja kupungiwa mkono. Nilitoka na povu kichwani, kanga moja, mbele ya mume wa mtu. "Zima dude hilo! Toeni mtoto nje!"

"Bibi jamani," Neema akasema, "mbona gesi hainuki?"

"Isiyonuka ndiyo inayoua!"

Mumewe akazunguka nyuma ya nyumba. Bomba la kutolea moshi wa hita, mdomo wake umesokomezwa tambara. Neema akainamisha kichwa. "Upepo ulikuwa unaingia, bibi. Jana nikamwogopea mtoto."

Ningemgombezaje? Nilijiona mwenyewe juu ya kigoda.

Basi shika hili, nawe uwaambie wenzio. Moto wa gesi ni moto kama wa mkaa, una pumzi chafu isiyo na harufu, nayo lazima itoke nje. Bomba lake usilizibe, wala kidirisha cha bafu. Afadhali hita ikae nje kabisa, ifungwe na fundi anayejua, naye aje kuitazama kila mwaka. Ukiona moto unageuka njano, zima. Kichwa kikikugonga, au usingizi ukikujia mtamu kuliko kawaida, usijilaze: toka, toa na wengine, ndipo muulizane. Si kila tundu ni ufa.

Yule mtoto wa mchicha leo ana mvi. Ndiye aliyenipokea stendi Mbeya, akanibebea kikapu.

Mungu akupe nyumba yenye joto na tundu la kupumulia. Uote ndoto zako zote, mwanangu, na kila asubuhi uamke uzisimulie.